Kidole Kilichochelewa

Mwalimu wangu wa gitaa aliishi hatua chache kutoka ziwani, kule Dunga, Kisumu, na hakula samaki. Asiyetoka huku hataona uzito wa jambo hilo. Dunga hata paka huchagua samaki. Yeye alikula maharagwe, mayai na sukuma wiki, na mama aliyekaanga samaki karibu na mlango wake alikuwa amekwisha kuchoka kumkaribisha. Siku moja nilimtania, nikamuuliza kama tumbo lake lilizaliwa Nairobi. Alikuwa akikata kucha za mkono wa kushoto kwa wembe, kama alivyofanya kabla ya kila somo. Hakuinua macho. Akasema, "Nyar Muhoroni, wewe unajua samaki wa hili ziwa wamekula nini?" Nilicheka. Yeye hakucheka, na jioni ile nilipika ndengu.

Nyar Muhoroni ni mimi, yaani binti wa Muhoroni, kule kwenye miwa. Kwetu mwanamke huitwa kwa mahali alikotoka, na sijawahi kumsikia akitumia jina langu la ubatizo. Mimi nilimwita Mwalimu. Majirani walimwita Japuonj, ambalo ni neno hilo hilo kwa Dholuo. Alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, hayo usiniulize. Nilivijua vidole vyake kuliko nilivyoujua uso wake, na nitamweleza kwa hivyo nilivyovijua.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia, na mbele viti viwili vya mbao vilivyotazamana. Karibu na mlango palikuwa na kigoda. Siku ya kwanza nilifika nimechoka, boda imenitikisa kutoka Mamboleo hadi huko, nikataka kujitupa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Akasema kwa upole kabisa, "Hapo pana mtu." Nikatazama. Hapakuwa na mtu, hata koti halikuwapo. Nikakaa kwenye kigoda.

Mimi ni Mkristo, naimba alto, na mambo ya jachien, mzimu unaorudi kusumbua watu, niliyaacha kwa nyanya yangu. Nilijiambia huyu ni mjane, kiti ni cha mkewe, kila mtu ana njia yake ya kulia. Lakini kabla ya kila somo alichukua leso akakipangusa kile kiti kwanza, ndipo akapangusa chake. Na alipopiga gitaa alipiga kwa mapengo. Anapiga kidogo, ananyamaza, anakitazama kiti, anasubiri kama unavyomsubiri mtu mwenye kigugumizi amalize neno lake. Kisha anaendelea. Mara nyingine alitabasamu kabla ya kuendelea. Mara nyingine alikunja uso, kana kwamba ameambiwa jambo asilolipenda. Miezi ya mwanzo, haki ya Mungu, yakifika mapengo yale nilitazama dirishani.

Alifundisha saa saba mchana tu. Asubuhi hapana, jioni hapana. Saa saba jua la Kisumu limesimama utosini, kuku wamejificha, watu wote wako kimya kwa joto, na kila kitu kina kivuli kidogo chini ya miguu yake, basi. Nilidhani ananihurumia, maana hiyo ndiyo saa yangu ya chakula cha mchana. Nilijipendelea bure.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mamboleo, pale njia panda, vumbi la malori likinitilia vitambaa doa siku nzima. Gitaa nilianza ukubwani, kwanza kwaya, halafu video za simu, halafu nikaona simu imenifikisha inapojua. Palikuwa na bendi moja mjini, ya harusi na shughuli za kanisa, iliyotafuta mtu wa gitaa la pili, lile linalomjibu mpiga solo. Wanamuziki huku huliita sekondi. Kiongozi wao alikuja kunisikiliza kibandani, akakaa juu ya marobota ya kitambaa, akaniambia, "Sista, mkono uko sawa. Lakini hiyo kitu inagonga-gonga hapo katikati, toa. Ukitoa, nafasi ni yako." Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nafasi ya kwanza, na pengine ya mwisho. Nafasi hiyo ndiyo iliyonipeleka Dunga.

Kitu kilichogonga ni kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto. Zamani sindano ya cherehani ilipita kwenye kiungo chake, ikaacha kovu na ugumu kidogo. Kila niliposhuka kutoka uzi wa pili kwenda wa tatu, kidole kile kilichelewa, kisha kikija kiligusa uzi wa jirani. Sauti ndogo ya ziada, kama mtu aliyebisha hodi mara moja akaghairi. Siku ile ya kwanza nilimpigia Mwalimu nikiwa kwenye kigoda, na hodi ile ikasikika. Akakitazama kile kiti kitupu. Nikadhani nimemchukiza. Akasema, "Nionyeshe mkono." Akalishika kovu kwa kidole gumba, akaniuliza limetoka wapi, nikamwambia ni sindano. "Si ndoana?" akauliza. Nikasema mimi nimekulia kwenye miwa, Mwalimu, ndoana nitaitoa wapi. Akaachia mkono wangu.

Alikuwa na maneno yake. Kwamba kidole ni ng'ombe, kitarudi zizini kwa njia ile ile kilichozoea. Kwamba gitaa linajua kama umekula. Hakusifu mtu. Ukicheza vizuri alisema "mm," na ukimwomba neno zaidi alikukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kukusanya sadaka na kusoma masomo, na bado alikataa kabisa kupiga gitaa kwenye matanga. Mpiga gitaa wa Nyanza asiyepiga matanga ni kama fundi asiyeshona sare za shule, atakula nini? Walimjia watu wa heshima, wakamsihi. Aliwapa chai, akawasindikiza hadi barabarani, hakwenda.

Ziwani pia hakwenda. Nyumba ilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka ulisikia makasia, lakini sikumwona hata mara moja akipita mama wa samaki kuelekea majini. Magugumaji yalipoifunga hori, ile ghuba ndogo ya Dunga, maji yote yakawa shamba la kijani lisilo na sauti, alifungua dirisha. Yalipoondoka, alilifunga.

Mwaka wa kwanza nilipanda haraka, sikudanganyi. Nilijifunza nyimbo, vidole vikalegea, wateja wakaniambia ninashona nikiimba. Kisha nikasimama. Ninasema nikasimama, si kwamba nilipunguza mazoezi. Nilifanya asubuhi kabla ya watoto kuamka, na kidole cha pete kilichelewa pale pale, kikabisha hodi ile ile. Mwezi, miezi, mwaka. Mwalimu alisema, "Uko Kano sasa." Anayetoka Muhoroni anaijua Kano: tambarare, unatembea unatembea, na milima ya Nandi iko palepale ulipoiacha asubuhi. Nikamuuliza Kano inaisha wapi. Akasema, "Rudia."

Rudia. Neno hilo nimelisikia kuliko jina langu. Alinifanya nirudie polepole, nirudie nimeukabili ukuta, nirudie bila sauti, kiganja kikizizima nyuzi. Na kila mara alisema, "Kitazame kidole. Usikiondolee macho." Nilikitazama mpaka nikakiota. Kadiri nilivyokitazama ndivyo kilivyochelewa. Nilimwambia, kwa hasira kidogo, kwamba kosa moja haliachi mke, anifundishe mengine basi, tutarudi kwa hili. Akatikisa kichwa. Nilimwona mkali asiye na huruma. Lakini siku mwanangu alipolazwa, alinitumia mayai trei nzima na barua ya mistari miwili ya kumwombea. Mtu huyo huyo.

Hata mimi nikaanza kusikia vitu. Nikiwa peke yangu kibandani, nimenyamaza, cherehani imenyamaza, nilisikia hodi ile mara moja, kwenye ubao wa meza. Nilitazama chini nikakuta ni kidole changu kimegonga. Sikuwa nimekituma.

Pasaka ilipokaribia, kiongozi wa bendi alinipigia simu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Sista, nimekungoja vya kutosha. Pasaka tuna harusi tatu. Ukija na hiyo kitu tena nitachukua kijana mwingine." Nilikata simu nikalia juu ya sketi ya mteja, na siku iliyofuata nikaenda Dunga na moyo umevimba.

Siku ile hori ilikuwa imefungwa kabisa, na juu ya magugu wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi, nguzo nzima nyeusi, bila moto chini yake. Dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu akaanza wimbo wake mmoja aliokuwa akiupenda, ule wenye mapengo mengi, ili nimfuate kama kawaida, noti kwa noti. Nikamfuata mara moja. Kidole kikachelewa. "Rudia." Nikarudia. "Kitazame." Ndipo nikakataa.

Sikusema nimekataa. Nilifumba macho tu. Na alipofika kwenye pengo lake, badala ya kunyamaza naye, nikapiga. Sikujua ninapiga nini. Nilikuwa nimechoka kufuata, nikaweka pale chochote mkono ulichotaka, nikashuka uzi wa pili kwenda wa tatu, na hodi ikabisha. Pengo la pili nikalijaza pia. La tatu. Mikono yangu haijawahi kuwa myepesi vile. Ilikuwa kama kukutana na njia ambayo mtu mwingine ameshaikanyaga, na nikaona kabisa, kwa furaha ya kijinga, kwamba Kano imekwisha.

Nilipofumbua macho Mwalimu hakuwa akipiga. Sijui aliacha saa ngapi. Alikuwa amekitazama kile kiti kingine, na uso wake ulikuwa umelowa. Akaweka gitaa sakafuni, akatoka nje, akasimama karibu na karai la mama wa samaki, akatazama ile nguzo ya wadudu. Nikabaki na viti viwili. Nasema kweli, niliogopa kupumua.

Aliporudi akanieleza, na hakunieleza mara mbili.

Walikuwa wawili, yeye solo, mwenzake sekondi, tangu ujana. Mwenzake alikuwa na kovu la ndoana kwenye kidole cha pete, na kidole kile kilichelewa. Walitania hilo kosa mpaka likawa sehemu ya wimbo. Siku moja, saa saba mchana, walikuwa wavuke kwa mashua kwenda kupiga ng'ambo. Mwalimu alichelewa gatini, uzi wa gitaa ulimkatikia, akasema tangulieni nitakuja na mashua ya pili. Ziwa lilikuwa limetulia. Mashua ikazama hata hivyo. Wengine walipatikana. Mwenzake hakupatikana, si siku ile, si mwezi ule.

Kwa desturi yetu, mtu aliyezama asipopatikana huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake, tunda refu, zito, lenye ukubwa wa kubebwa kama mtoto, ili naye awe na kaburi na atulie. Walizika yago. Wakamwomba Mwalimu apige. "Nikapiga sehemu zote mbili," akaniambia. "Yangu na yake. Na kosa lake nikaliweka, hapo hapo pake. Nilidhani ni heshima. Mama yake akanishika mkono. Akasema, 'Sisi tunamlaza, na wewe umemwita.'"

Nikamuuliza kama siku ya kwanza, nilipompigia kwenye kigoda, aliisikia hodi ile.

"Nilisikia. Nikataka kukufukuza."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Niliogopa kumfukuza yeye."

Halafu akasema lililobaki, maana alikuwa mtu wa kanisa na hakuweza kuliacha. "Ukitaka kidole kichelewe, mwambie mtu akitazame. Nilijua. Nilikwambia rudia, si ili ufike. Nilitaka nisikie hodi. Nikisikia nafurahi, halafu naogopa, halafu nakwambia rudia."

Ningekuwa mtakatifu ningemhurumia. Mimi nilikasirika. Nilihesabu zile asubuhi zote, macho yanawaka, watoto wamelala, na huyu mtu alikuwa amenifungia Kano kwa makusudi. Nikamwambia, "Mwalimu, umenila." Nikachukua gitaa langu. Sikumpa mkono. Yeye akasema tu, taratibu, "Usilitoe lile kosa. Litakupeleka mbali." Nikatoka.

Lilinipeleka. Nilikwenda kwa kiongozi wa bendi, nikapiga nimefumba macho, hodi ikiwa ndani mahali pake, si kidonda tena. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo umetoa wapi?" Nikasema kwa mzee fulani. Harusi tatu za Pasaka nilipiga zote. Watu wazima, wale wa umri wa Mwalimu, walikuja mbele wakanitazama mkono badala ya kucheza, na mmoja aliondoka ukumbini kabla ya chakula.

Nikakaa karibu miaka miwili bila kukanyaga Dunga. Kila mara nilisema nitaenda, na kila mara hasira ilikuwa bado ina moto. Kisha yule mama wa samaki akanipigia simu, namba sijui alipewa na nani. "Nyar Muhoroni, Japuonj amepata kiharusi. Upande wa kushoto umekufa. Wamempeleka nyumbani, upande wa Bondo, kwa mtoto wake. Anauliza wewe." Nikafunga kibanda siku iliyofuata.

Nilimkuta ameketi kando ya ukuta wa nyumba, kwenye kile kiti chake cha mbao. Walikuwa wameleta vyote viwili. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, safi, hakuna hata jani moja la magugu. Mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Amekonda. Nikamwambia nisamehe, akasema, kwa mdomo uliopinda, kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Hapo nikalia kidogo.

Nikatafuta kigoda kwa macho. Akatikisa kichwa. "Bed piny," akasema, keti, akaelekeza kidevu kwenye kile kiti kingine. "Leo keti hapo. Ilikuwa saa ngapi ulipoingia?"

"Saa saba kasoro."

"Basi. Cheza sekondi. Yangu niachie nafasi."

Nikaketi. Mbao zilikuwa na joto la jua. Nilijiambia ni jua. Nikapiga sekondi peke yake, nikimwachia mapengo yake, yeye akiyajaza kwa kupumua. Nikafika pale. Nikashuka uzi wa pili kwenda wa tatu, na kidole cha pete kikatua kwa wakati, safi, hakikugusa kitu.

Nikashtuka, nikarudia bila kuambiwa. Safi. Mara ya tatu nililazimisha, nikakichelewesha kwa makusudi, nikajaribu kugusa uzi wa jirani, na kidole kikakataa kama mtu mzima anayeambiwa atambae. Kovu lilikuwa palepale. Ugumu haukuwapo. Kitu nilichokipigania miaka ili kiondoke kilikuwa kimeondoka, nami nilikitafuta kwenye nyuzi kama mama anayetafuta mtoto sokoni.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Ameenda," akasema. Akavuta pumzi ndefu. "Amekusikia umekaa mahali pake, amejua ana mtu. Ameenda, Nyar Muhoroni." Na uso wake, ule upande uliokuwa hai, ukalegea. Sijawahi kumwona amepumzika kabla ya siku hiyo.

Kisha akamwita mkaza mwanawe. Akamwambia anataka samaki. Yule dada akasimama mlangoni na sufuria mkononi, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Baba, samaki?" Akasema ndiyo, samaki, wa ziwa hili, na ugali. Alipika kwa haraka kana kwamba atabadili mawazo. Tulikula pamoja pale ukutani. Alikula kwa mkono wa kulia, polepole, akitoa miiba na kuipanga pembeni ya sahani, na alikula mpaka kichwa. Akasema ni mtamu. Akaniambia nimalizie wangu, nisimwogope.

Nilikuwa nikitazama chini kutafuta kipande nilipouona mkono wake wa kushoto juu ya paja. Ulikuwa umelala vile vile, mzito, wa kijivu. Vidole vinne havikutikisika. Kidole cha pete kiliinuka, kikachelewa kidogo hewani, kikagonga mara moja.

Yeye alikuwa akitazama ziwa, anatafuna, ametulia. Sikumwambia. Nilikula samaki wangu wote.